Nyundo juu ya pome: maswali yenu kuhusu jalada za magazeti, walimu na shule

Swali: "Rafiki yangu amesema hii haiko uchambuzi, ni hasira"

Bonjour Yaya. Mi ni mwanafunzi wa Kiingereza hapa Bukavu, niko mwaka wa tatu. Prof alitupatia TP, kazi ya kuandika, ya kuchambua jalada ya gazeti TIME ya Amerika, ile ya tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 2014. Kuko nyundo ya jaji juu ya pome, na maandishi makubwa ya kusema "mapome yenye kuoza", chini yake wameandika kufukuza mwalimu mubaya ni karibu haiwezekani, na kama matajiri wamoja wa teknolojia pengine wamepata njia ya kubadilisha ile mambo. Prof anataka tuonyeshe ushawishi uko wapi na upendeleo uko wapi. Nimeandika kurasa mbili za kusema jalada ni mubaya, inatukana walimu, rafiki yangu akasoma akaniambia hii haiko uchambuzi, ni hasira. Papa yangu ni mwalimu tangu miaka 22 kwa hiyo kweli hasira ilikuwako. Nianzie wapi?

*Mtoto wa mwalimu, Ibanda*

Mdogo wangu, rafiki yako amekuambia kweli lakini asikutishe, ile hasira usiitupe. Iweke pembeni kwanza, tutairudilia. Ukiona picha ukasikia uchungu ni kwamba picha imekuingia, sasa kazi yako ni kutafuta ilipitia mlango gani.

Anza tu na macho. Chukua ile jalada, ziba maandishi na mkono, angalia nini inabaki. Nyundo ya mbao, ile ya tribinali, iko juu, pome iko chini, bado kidogo tu iponde. Basi. Hakuna mwalimu, hakuna mtoto, hakuna darasa wala ubao. Andika hii kwenye TP yako mbele ya kitu kingine chochote: jalada linazungumza juu ya watu na mtu hata mmoja haonekani. Wangeweka uso wa mwalimu chini ya ile nyundo, msomaji angeshituka, angesema ai, huyu si mtu huyu? Pome haina uso wala watoto nyumbani, kuiponda hakumuumizi yeyote.

Halafu jiulize kwa nini pome. Sisi hapa mzazi akitaka kumshukuru mwalimu analeta kuku, mukungu wa ndizi, sukari kilo moja, pome yenyewe tunanunua moja moja tukienda kuona mgonjwa. Kule Marekani pome ni alama ya mwalimu tangu zamani, mtoto anaileta asubuhi anaiweka kwenye meza ya mwalimu, hata kadi za kumshukuru mwalimu wanazichora pome. Kwa hiyo wamechukua kitu cha asante wakakiweka chini ya nyundo, na Mmarekani anaelewa bila kuelezwa, wewe wa Bukavu inabidi uambiwe. Eleza hii kwa Prof, wengi wataisahau.

Kuna pia methali yao, pome moja yenye kuoza inaharibu pipa zima. Ya kwetu unaijua tangu utoto: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa nakuomba ukae kidogo maana njo kiini cha TP yako. Nenda asubuhi mapema sokoni kwa mama wa sambaza. Angalia mkono wake kwenye beseni, anazipitisha kati ya vidole, zile zimepasuka tumbo, zenye zimelegea, anatupa pembeni, zingine anazipanga vizuri juu, anamwagia maji, anauza, na sisi tunanunua, tunakaanga, tunakula. Sijaona mama anatupa beseni zima ju ya samaki tatu. Methali inasema wote wameoza lakini yule anayeishi kwa samaki kila siku hafanyi vile, kwa sababu methali ni ya kuonya, haikukusudiwa kuwa hesabu. Sasa lile jalada limeandika "mapome", kwa wingi, bila namba, na limeacha methali ijimalizie yenyewe ndani ya kichwa cha msomaji. Halikusema popote kwamba walimu wote wameoza. Halikuhitaji kusema.

Na hesabu ilikuwepo. Habari ya ndani ilihusu kesi inayoitwa Vergara, ya California. Mwaka 2012 wanafunzi 9 walishitaki wakitaka sheria 5 zinazolinda kazi ya walimu zifutwe, nyuma yao kulikuwa David Welch, tajiri wa teknolojia, na shirika lake Students Matter, njo wale "matajiri wamoja" wa kwenye jalada. Mwezi wa 6 mwaka 2014 jaji Rolf Treu akawapa ushindi. Ndani ya ile hukumu jaji alichukua neno la mtaalamu mmoja, David Berliner, kwamba walimu wabaya kabisa wanaweza kuwa 1 mpaka 3 kwa kila 100, akapigia hesabu walimu kama 275,000 wa lile jimbo, akapata kati ya 2,750 na 8,250. Baadaye Berliner mwenyewe akasema ile namba ilikuwa makadirio ya hivi hivi tu. Lakini hata tuikubali yote, tuchukue ile ya juu, 3. Beseni la sambaza 100, tatu zimeharibika, 97 ni nzima, wewe ungeandika nini kwenye kibao mbele ya beseni?

Sasa usiende haraka kusema jalada limesema uongo maana Prof akikuuliza uongo uko kwenye neno gani utakwama. Soma maandishi pole pole. Utakuta maneno matatu madogo: *karibu* haiwezekani, matajiri *wamoja*, *pengine* wamepata njia. Mwenye kuandika alijilinda vizuri sana, kila sentensi inaweza kutetewa. Ila nyundo haina "pengine". Huwezi kuchora nyundo inayoponda "karibu". Maandishi yanapunguza, picha inaongeza, na jicho linafika kwa picha kwanza, mtu anapita mbio mbele ya mahali wanauzia magazeti anabaki na nyundo kichwani, yale maneno matatu madogo hata hakuyaona. Kwa maoni yangu ushawishi mkubwa wa hili jalada uko pale, kati ya picha na maandishi, kuliko kwenye rangi au ukubwa wa herufi wanafunzi wanapopenda kujaza kurasa.

Walimu wa kule waliona hivyo pia. Sendika yao moja kubwa, AFT, ilikusanya makumi elfu ya sahihi kutaka TIME iombe walimu msamaha, na kiongozi wao Randi Weingarten alikubali kwamba habari ya ndani ilikuwa na usawa, shida ilikuwa jalada, kwa sababu watu wengi wataona jalada tu. Baadaye TIME yenyewe ilichapisha majibu ya watu wa elimu. Hii ikusaidie: jalada na habari ya ndani uzisome kama maandishi mawili tofauti, usimbebeshe mwandishi wa ndani makosa ya nyundo.

Prof anataka uonyeshe ushawishi uko wapi na upendeleo uko wapi, basi uvitofautishe. Ushawishi kila jalada linao, hata la mapishi, ni kazi yake, linataka usimame uchukue. Upendeleo ni kama lile kopo la kupimia maharagwe ambalo chini yake limegongwa na jiwe mpaka likaingia ndani. Maharagwe ni ya kweli, kopo ni la kweli, limejaa mpaka juu na kilima kidogo, na bado umeibiwa, na huwezi kuona mpaka ugeuze kopo. Basi geuza hili jalada. Angalia nani amepewa kazi ya kutenda ndani ya sentensi: mwalimu "hafukuzwi", matajiri "wamepata njia". Wazazi wako wapi? Direkta? Wanafunzi wenyewe? Hawamo. Na shida iliyochaguliwa ni ipi? Kufukuza. Msomaji anaanza kusoma akiwa amekwisha kubali kwamba shule zinaharibika kwa sababu walimu hawafukuziki, kisha anaulizwa tu njia ni ipi. Mishahara, watoto wangapi ndani ya darasa, mtaa maskini na mtaa tajiri, yote yamebaki chini ya kopo. Hapa njo ningekupa alama nyingi kama ningekuwa Prof wako.

Kitu kingine, usichambue jalada likiwa peke yake kama yatima. Mwezi wa 12 mwaka 2008 TIME hiyo hiyo iliweka Michelle Rhee, aliyekuwa mkubwa wa shule za Washington, amesimama darasani na ufagio mkononi. Mwezi wa 3 mwaka 2010 Newsweek ikaweka ubao mweusi na sentensi moja imeandikwa na kurudiliwa kama adhabu ya mtoto, kwamba lazima tufukuze walimu wabaya. Ufagio, adhabu ya ubao, nyundo. Ukizipanga hivi unaona ni wimbo mmoja ulioimbwa miaka sita. Halafu mwezi wa 9 mwaka 2018, ule mwaka walimu walisimamisha kazi West Virginia, Oklahoma, Kentucky na Arizona, TIME ikatoa majalada matatu yenye nyuso za walimu, mmoja anasema ana digrii ya pili, miaka 16 ya kazi, anafanya kazi zingine mbili na anatoa plazma ya damu yake apate kulipa madeni ya nyumbani.

Hili la mwisho utalipenda. Mimi pia nililipenda, nilikaa nalo muda mrefu. Lakini mtihani wako uko hapo hapo. Uso mmoja, maisha ya mtu mmoja, halafu "mimi ni mwalimu katika Marekani", msomaji anatoka kwa mmoja anaenda kwa wote, barabara ni ile ile ya samaki, safari hii inakwenda kwenye huruma. Ukiliita hili "ukweli" na lile la pome "upendeleo" bila kuonyesha kwamba njia ni moja, Prof atakukamata na atakuwa na haki. Mimi naamini la 2018 lilikuwa karibu zaidi na haki kwa sababu angalau mwalimu alionekana na akasema yeye mwenyewe kwa jina lake, na hiyo sababu unaweza kuiandika. Hasira peke yake haitoshi kuwa sababu.

Usisahau kumaliza hadithi ya kesi. Mwezi wa 4 mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya California ilitengua ile hukumu, na mwezi wa 8 mahakama kuu ya jimbo ikakataa kuisikiliza tena. Sheria zikabaki.

Na ile hasira? Ipe aya moja, mwanzoni. Andika wazi: papa yangu ni mwalimu tangu miaka 22, nilipoona hili jalada niliumia, kwa hiyo msomaji ajue nimesimama wapi. Hapo umegeuza kopo lako mwenyewe mbele ya watu. Na papa umsalimie sana kutoka kwetu.

Swali: "Foto ni ya kweli lakini inatudanganyia watu"

Yaya, mi ni mama mwalimu wa primeri, Bagira. Gazeti moja la hapa kwetu liliweka jaladani foto ya mwalimu amelaza kichwa juu ya meza na maandishi makubwa "Nani anaua shule zetu?" Huyo mwalimu ni mwenzangu, tunafundisha wote. Ile foto ilipigwa saa sita na nusu, watoto wa asubuhi wamekwisha toka, alikuwa anangojea wa mchana sababu tuko na vakasio mbili. Yeye yuko kati ya wale Leta, ni kusema serikali, haijawahi kulipa hata mwezi moja. Tangu siku ile wazazi wanamucheka njiani, watoto wanamuita Mwalimu Usingizi. Direkta anasema tunyamaze kwa kuwa foto haiko ya uongo. Ni kweli tunyamaze?

*Mama mwalimu, Bagira*

Mama mwalimu, pole sana, na umpelekee mwenzako pole yangu. Hapana, msinyamaze.

Foto haikudanganya juu ya kile kilicho ndani ya foto. Ilidanganya kwa mahali ilipokatwa. Nimekaa miaka kwenye meza ambapo foto za magazeti zinachaguliwa na najua vile inakwenda: kuna foto ya mwalimu anaandika ubaoni, chaki imemjaa kwenye mkono wa shati, na kuna foto ya mwalimu amelala, wote wanaizunguka ile ya kulala, wanasema hii njo itauza. Halafu mtu anachukua kalamu anapiga mistari ya kukata. Nina hakika ukipata foto nzima utaona mabenchi matupu pande zote. Mabenchi yangebaki, kila mzazi angeuliza watoto wako wapi, na jibu lingekuja lenyewe, wameenda nyumbani. Wakikata mabenchi, msomaji anawapanga watoto 60 mbele ya huyo mwalimu kwa mawazo yake.

Kisha lile swali. "Nani anaua shule zetu?" Ukijibu tu, hata ukisema "siyo mimi", umekwisha kubali kwamba shule zinauawa na kwamba kuna muuaji mmoja wa kutafutwa. Na foto iko pale pale pembeni ya swali, imelala. Wao watasema hatukumtaja mtu. Kweli hawakumtaja, walimuweka tu mahali pa jibu.

Kilichobaki nje ya foto ni kirefu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema primeri ni ya lazima na ya bure kwenye shule za Leta, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 ilianza kutumika kwa kweli. Watoto wakaja wengi na hiyo ni furaha, mimi nilifurahi na bado ninafurahi. Lakini mbele ya pale mwalimu ambaye hakuwa kwenye listi ya mshahara alikuwa anaishi na prime, pesa wazazi walikuwa wanamuchangia, prime ikakatika, na wengi wa NU, wale listi haijawachukua, wakabaki na darasa lililojaa na mkono mtupu. Mtu anafundisha asubuhi, anafundisha mchana, pengine usiku anafanya kitu kingine ili watoto wake wale, ukimkuta saa sita na nusu ameweka kichwa juu ya meza, mimi ningepiga foto hiyo hiyo na kuandika chini saa, zamu, na miezi ngapi hajalipwa. Foto ile ile, na ingewapeleka wasomaji kwa mlango mwingine kabisa.

Sitasema walimu wote ni malaika. Kuna wanaokosa, kuna wanaouza alama, watoto wetu wameyaona, na gazeti lina haki ya kuandika juu yao. Lakini liandike juu yao, na ushahidi wao, lisimchukue aliyechoka limfanye alama ya wote.

Fanyeni hivi. Andikeni barua fupi, nusu ukurasa, bila matusi. Tarehe ya foto, saa, zamu mbili, hali ya mshahara, na ombi moja tu: wachapishe foto nzima na maelezo chini yake, kwenye ukurasa wa mbele kwa kuwa jeraha lilifanywa ukurasa wa mbele. Mwenzako atie sahihi mwenyewe kama anapenda, msimlazimishe. Nakala moja mpeni direkta na moja komite ya wazazi, maana wale wanaomcheka njiani njo wa kwanza wanaopaswa kuisoma.

Swali: "100 pursan"

Yaya, kuko shule moja imebandika afishi kila pahali hapa Panzi, mutoto wa kike anacheka mbele ya komputa, juu wameandika "100 pursan Exetat", ni kusema watoto wao wote 100 kwa 100 wamepita mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari. Minervali yao, pesa ya masomo, iko juu sana. Muke wangu anataka tuamishe mutoto aingie kule mwaka wa tano. Niamini?

*Papa wa watoto wanne*

Papa, ile namba inaweza kuwa kweli kabisa na bado isikuambie kitu. 100 pursan ya wangapi? Shule ikipeleka wanafunzi 11 wa mwaka wa mwisho kwenye Exetat na wote wakapita, ni 100. Ikipeleka 140 wakapita 126 ni 90, na afishi yake haitapendeza macho, ila mimi ningeangalia ile ya pili mara mbili. Na ujue mtego mwingine wa zamani: wale wadhaifu wanaambiwa mwisho wa mwaka wa tano wahame au warudilie kwingine, mwaka wa sita wanabaki wakali peke yao. Mtoto wako anaingia mwaka wa tano, kwa hiyo hili linamhusu yeye kabisa. Komputa ya kwenye foto usiihesabu, omba uione, uulize iko ngapi na umeme unawaka siku ngapi kwa juma.

Uende mwenyewe kwa prefe, mkubwa wa shule, siku ya kazi, na daftari na kalamu, umuulize mambo matatu: mwaka jana mwaka wa tano mlianza na wanafunzi wangapi, wangapi kati yao walifika mwaka wa sita hapa hapa, na mlipeleka wangapi Exetat. Andika majibu mbele yake.